Kiingereza cha Mama Yako

Mikumi, Jumapili alasiri

Yunisi mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi nilikuona uani ukisugua sanduku lako la bati kwa majivu. Ukaniamkia, nikaitikia marahaba, na maneno yetu ya leo yakaishia hapo. Sasa umekwenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako, nami nimekuja kukaa darasani kwangu, dawati la mbele, kwa sababu nyumbani wageni hawakatiki, na kila anayeingia ananichungulia usoni aone kama leo nimelia.

Ya sabuni, ya kufunga sanduku na ya wavulana wa Iringa unakokwenda kusoma, mke wa mchungaji amekwisha kukuambia, na nadhani mengine kayatunga mwenyewe. Hapo sina la kuongeza. Nakuandikia kwa sababu uliniuliza swali na sikulijibu.

Juzi ulikuwa unashona jina lako kwenye shuka la shule. Hukuinua kichwa. Ukasema, "Baba, wewe ulimpenda mama?" Nami nikasema, "Angalia sindano isikuchome." Ukashona kidogo, kisha ukasema, "Likizo nitakwenda kwa mjomba, Kisanga. Amesema kule ndiko kwetu." Nikasema, "Haya."

Haya! Mwalimu wa lugha miaka yote hii, na neno nililokuwa nalo mdomoni ni hilo tu.

Sikukasirika, kama ulidhani nimekasirika. Ningekasirika ningefurahi, maana ningejua kuna kitu ndani yangu bado kinafanya kazi. Unajua mguu ukiukalia mkutano mzima wa kijiji, ukisimama unakanyaga na huisikii ardhi. Ndivyo nilivyo tangu tumzike mama yako. Nakula, nalala, nanyoa ndevu, nasahihisha madaftari. Watu wananiuliza pole zimeingia? Sijui zimeingia wapi.

Mjomba wako Stefano hasemi uongo. Kwetu mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mama akiondoka, neno la mjomba ndilo neno. Baba ni mtu aliyekaribishwa. Nililijua hilo nilipooa, na mama yako alipenda kunikumbusha kila nilipojifanya mkubwa: "Baba Yunisi, wewe hapa ni mpangaji." Halafu anacheka mpaka anashika mbavu. Stefano yeye hacheki.

Na alichokiona Stefano ni kweli. Tumezika, tanga halijaanuliwa, wanawake bado wamelala kwenye mikeka, na mume wa marehemu amevaa shati la kazi, kenda kufundisha. Shule yenyewe unaijua ilivyo karibu. Waombolezaji wote walisikia darasa la tano likiimba: I go, you go, he goes, she goes. Stefano akasema mbele ya watu, "Huyu bwana ana moyo au ana jiwe?" Na wewe ulikuwa umekaa pale pale, umejifunga kitenge cha mama yako kichwani. Nilijua kwamba upo na unasikia. Nikaendelea kufundisha.

Nikwambie kwa nini. Pale msibani kila mtu alinisogelea akaninong'oneza, "Lia, Mwalimu, usijikaze." Sikuwa najikaza. Nikaze nini? Hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilikuwa naona aibu mbele ya watu wanaolia vizuri. Darasani kuna maswali yenye majibu. Akienda mmoja ni goes, wakienda wengi ni go, na mtoto akikosea unamwambia rudia, anarudia, imekwisha. Nilikwenda huko kama mtu anavyokwenda kivulini. Sikufikiria unasikia nini ukiwa upande wa pili wa ukuta, na hilo ni kosa langu, nalisema.

Lakini wewe hukuuliza habari za shule. Uliuliza kama nilimpenda. Kwa hiyo nikusimulie, maana mengine yalitokea ukiwa mdogo, na mengine ulikuwepo lakini ulikuwa unacheka tu.

Mama yako alianza Kiingereza kwa wivu. Ulikuwa darasa la tatu, na jioni ulipenda kunisomea visentensi vyako wakati yeye anasonga ugali. Siku moja akaweka mwiko chini.

"Nyinyi wawili," akasema, "mnanisengenya mbele ya macho yangu, ndani ya jiko langu?"

Nikamwambia tulikuwa tunasema kalamu iko juu ya meza.

"Hata kama! Mtoto nimemzaa mwenyewe. Hawezi kuota kwa lugha nisiyoisikia."

Wakati ule alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima. Alikuwa amesoma kitabu chake cha nyimbo jalada hadi jalada, hata bei ya nyuma aliisoma kwa sauti, na alijiona hakuna kitakachomshinda tena. Nikasema sawa, tuanze.

Sasa, mimi Kiingereza nilifundishwa na bibi mmoja wa misheni aliyeamini kwamba sentensi bila kitendo ni kelele. Mwalimu anakwenda mlangoni huku anasema, "I am going to the door." Kisha anageuka na kuuliza, "What am I doing?" Ninafanya nini? Na darasa zima linajibu, "You are going to the door." Hakuna kutafsiri. Unatenda, unasema, unauliza, unajibiwa. Wewe mwenyewe nimekufundisha hivyo. Njia nyingine siijui, kwa hiyo na mama yako nikamfundisha hivyo hivyo.

Lo! Nilijitia kitanzi mwenyewe. Alipoelewa tu kwamba mwalimu lazima atende anachokisema, akaanza kuchagua masomo. "Leo nataka kujifunza kufagia." Nikafagia. "Leo nataka kujifunza kuosha masufuria." Nikaosha, na masizi nikayasugua. Siku ya kutwanga ndiyo iliyonimaliza. Wanaume wenzangu wanapita kwenda shamba la kijiji, wananikuta nimeshika mchi, jasho linanitiririka, natamka, "I am pounding the maize," na mama yako amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya mguu, anajibu kwa madaha, "You are pounding the maize." Mwenyekiti wa kijiji alisimama akaniangalia.

"Mwalimu," akasema, "umelogwa?"

"Ni masomo, Mwenyekiti."

"Basi wangu asisome."

Kijiji kizima kilinicheka. Nilinuna, nikajifanya nimenuna zaidi ya nilivyonuna. Na kila jioni nilirudi haraka kuona leo somo ni lipi.

Vile vineno a na the vilimkera sana. Nilimweleza kwamba kitu ambacho mwenzako hajakijua kinapewa a, na kile mnachokijua wote wawili kinapewa the. "Kama tunakijua wote," akasema, "kwa nini tuhangaike kukitambulisha?" Nikalitafuta jibu vitabuni, sikulikuta. Baadaye akaipenda the kupita kiasi. Akaipachika kila mahali: the Yunisi, the Baba Yunisi, the Mikumi. Nikamwambia jina la mtu halivikwi the. "Kwani kuna Yunisi mwingine ninayemjua? Niachie the yangu."

Ile s ya mtu mmoja aliikataa katakata. Umemtaja mtu, he, imeeleweka ni mmoja, halafu kitenzi nacho kinadai s mkiani, goes. "Mtu mmoja tu, mbona mnamkagua mara mbili?" Nikamwambia hata sisi tunamkagua mara mbili: mtoto a-nakwenda, watoto wa-nakwenda. Akafikiri. "Sisi ni kwetu," akasema, akaenda kuepua maharage.

Kisha nikaharibu.

Alikuja yule mgeni wa Kizungu kuangalia shamba la ujamaa, unamkumbuka, mrefu, aliyekupa penseli. Viongozi walikuwa wametoka Kilosa, mimi nimepewa kazi ya ukalimani, nimevaa koti langu la harusi na joto lile. Wanawake walipangwa kuleta chai. Mama yako akatangulia na sinia. Akafika mbele ya mgeni, akasimama wima, akasema kwa sauti ya darasani, "I am carrying the tea! What am I doing?"

Mgeni akaduwaa. Akanitazama mimi, akamtazama yeye. Mama yako akangoja, kichwa kimeinuka, hana wasiwasi hata kidogo, kwa sababu katika Kiingereza alichokijua yeye, mtu akiuliza hujibiwa. Mwisho mgeni akasema polepole, "You are carrying the tea." Kijiji kikalipuka kwa makofi na vigelegele. Mgeni naye akacheka, wakapeana mikono. Hata viongozi walipiga makofi. Aliyekuwa hapigi makofi alikuwa mtu mmoja.

Nyumbani nikamwambia, "Umeniaibisha." Nikamweleza kwamba watu hawaongei hivyo, kwamba yale ni mazoezi tu, kwamba mgeni huambiwa karibu chai, basi. Nilimsahihisha kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine, kama daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, Mwalimu." Si Baba Yunisi. Mwalimu.

Hakusema tena neno la Kiingereza tangu palizi mpaka mahindi yakaanza kukauka. Hakuninunia, alipika, alicheka na jirani, aliniuliza habari za kazi. Ila kila jioni nilirudi nyumbani na hakuna somo. Nilifagia bila kuombwa, akaniambia, "Acha, nitafagia." Jamani, nilikuwa na upweke ndani ya nyumba yangu yenye watu. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo, na kuomba radhi sikujua naanzia wapi. Kwa wanafunzi huombi radhi, unasema rudia tu. Nilidhani kwa mke pia inatosha kungoja.

Waliotuponya ni tembo. Walitoka mbugani alfajiri wakaingia kwenye mahindi yetu, na sote tukatoka na madebe na mienge, tunapiga kelele. Wewe ulikuwa mgongoni kwa jirani ingawa ulikwisha kuwa mkubwa, umegoma kushuka. Mama yako alikuwa mbele kabisa, anapiga debe kwa mchi. Tembo mmoja akageuka akamtazama, bua la mhindi linaning'inia mdomoni. Na mama yako, badala ya kukimbia, akamfokea: "You are eating the maize! What are you doing?"

Nilikaa chini matutani. Nilicheka na kuogopa pamoja. Yeye akaja akasimama juu yangu na debe lake, anahema. "Imekaa sawa?" akauliza. "Imekaa sawa," nikasema. "Kwa tembo haina makosa hata moja." Nikamwambia na lile la pili, lililokuwa limenikaa kooni tangu siku ya chai: nisamehe. Akasema, "Inuka, Baba Yunisi, mahindi yanakwisha."

Ukitaka siku, basi ni siku hiyo. Nilimpenda kabla, lakini siku ile nilijua kwamba nampenda, na nilijua pia kwamba ningeweza kumpoteza, si kwa tembo, kwa mdomo wangu.

Sasa la hospitali. Hili hulijui, kwa sababu ulibaki hapa kwa ajili ya mtihani wako, na mimi ndiye niliyeamua ubaki. Niseme nini, nilidhani atarudi. Madaktari wa misheni walifanya walichoweza. Tumbo lilikuwa limejaa maji na mikono yake imekuwa miembamba, pete nilikuwa nimeifunga uzi isidondoke. Siku moja mchana alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Nimekaa kando ya kitanda, nampepea na bahasha. Akafungua macho, akanitazama vizuri kabisa, akauliza kwa Kiingereza, "What am I doing?"

Nilielewa, mwanangu. Nilijua anauliza nini, na nilijua jibu, na yeye alijua kwamba najua. Muuguzi alikuwa anapita na sinia la dawa. Nikapepea. Nikamwambia, "Pumzika, Mama Yunisi." Akaendelea kunitazama, kama alivyomtazama yule mgeni wa chai. Akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, bila ukali, "Nimekuuliza." Nikasema, "Pumzika." Akafumba macho. Hakuyafumbua tena kwa kunitazama, na kesho yake alifariki.

Nafikiri ganzi ilianzia hapo. Haikuanzia kaburini. Mtu aliyeniuliza maswali kwa imani kuliko wote aliniuliza swali moja la mwisho, nikampa kazi ya kupumzika. Sikutaka kusema uongo na sikuweza kusema kweli, kwa hiyo nikanyamaza na kuuita ukimya huo huruma. Haukuwa huruma. Alitaka mtu wa kukaa naye ndani ya jambo lile, nami nilibaki nje nikipepea.

Kisha wewe ukaniuliza lako, nikakuambia habari za sindano. Usiku wa siku hiyo sikulala vizuri, ndipo nikaona kwamba nimefanya tena. Ndiyo maana nimeshika kalamu alasiri hii, maana kinywani halitoki.

Huko uendako masomo yote ni kwa Kiingereza. Utasahau s, utaweka the pasipotakiwa, utasema he kwa mwanamke kwa sababu kwetu mke na mume wote ni yeye, na atakuwepo wa kukucheka. Mimi nimechapa watoto kwa ajili ya ile herufi moja. Wengine sasa ni watu wazima, wananiamkia barabarani kwa heshima, na nawatazama nisijue ile fimbo ilimsaidia nani. Siwezi kukuambia kwamba sarufi haina maana. Imekulisha na kukuvisha. Naweza tu kukuambia kwamba mwanafunzi aliyesema vibaya kuliko wote niliowahi kufundisha ndiye pekee niliyetaka aendelee kusema. Wengine wote niliwataka wanyamaze mpaka wawe sahihi. Fanya nalo utakavyo.

Na usimchukie mjomba wako, wala usimbebe kichwani. Alimlilia dada yake kwa namna anayoijua. Ukienda kwake likizo, nenda na roho safi. Kule pana bibi yako, pana migomba, pana watu watakaokuita kwa jina la ukoo. Sikuandikii ili nikuvutie huku. Sina haki hiyo kwa desturi, na hata ningekuwa nayo nisingeitumia. Lakini ningeumia, kama bado naumia, ukienda huko kwa kudhani kwamba hapa Mikumi ulilelewa na mtu asiyekuwa na kitu moyoni kwa mama yako.

Basi jibu lako ni hili. Nilimpenda. Sikulia, na sijui kama nitalia. Nilimpenda Damari, mama yako, kuliko nilivyojua kumwonyesha, na nampenda sasa hivi nikiwa nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamenigusa kidevu. Ungeniuliza tena ana kwa ana huenda ningekuambia angalia sindano. Kwa hiyo shika hii karatasi.

Liko jambo moja la leo. Mchana, ulipokwenda kuteka maji, niliona nikukaangie karanga za njiani. Nikawasha moto, nikamimina karanga kwenye sufuria, nikazigeuza na mwiko mpaka zikaanza kupasuka. Nikatafuta chumvi juu ya kabati, siioni. Nikatafuta nyuma ya mlango, siioni. Nikaita, "Mama Yunisi, chumvi umeiweka wapi?" Niliita kwa sauti ya kila siku, ya mtu mwenye haraka. Kisha nikanyamaza nisikie anasemaje. Sikuwa nachezea akili yangu, mwanangu. Nilingoja kweli, nimegeuza shingo kuelekea uani, mpaka harufu ikanifikia.

Karanga zimo kwenye mfuko wa kaki, juu ya nguo zako. Zimeungua, na chumvi hazina. Uzile hivyo hivyo.

Ni mimi,
Baba yako